Safari ya Bagamoyo: Tuwaambie Nini Watoto Wetu?



Kila zikaribiapo likizo za skuli, wazee hutuletea swali moja: watoto wapelekwe wapi? Mjini kuna makelele na moshi, na nyumbani kuna simu, ambayo mtoto akiishika asubuhi hana habari nayo kuiweka mpaka usiku. Jawabu letu safari hii ni fupi: wapelekeni Bagamoyo. Kuna ufuko mzuri, kuna upepo, kuna samaki, na kuna tarehe ya wazee wetu imesimama juu ya ardhi kwa mawe na chokaa.

Lakini jawabu hilo lilituletea swali la pili, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Mzazi mmoja alitwambia hivi: Bagamoyo ni mji wa Waislamu, lakini mgeni afikapo hupelekwa kwanza katika kanisa la mapadre, huko akaonyeshwa minyororo na kusimuliwa habari za watumwa. Mzee huyo alichelea mwanawe asije akarudi nyumbani akiionea haya dini yake. Tukaona si vyema kumjibu kwa kukisia. Tukafunga safari, tukawachukua vijana wachache wa jamaa zetu, tukaenda kutazama kwa macho yetu.

Tulitoka Dar es Salaam baada ya Swala ya Alfajiri. Mwendo ni kiasi cha kilomita 70 kuelekea kaskazini. Hapa tuseme neno moja kwa wenye kusafiri. Masafa haya hayafikii kipimo cha kupunguza Swala kwa kauli ya wanavyuoni wengi, ambao wamekikadiria kupita kilomita 80. Basi asidhani mtu kwamba, maadamu amepanda gari na kupakia kapu la chakula, amekwisha kuwa msafiri wa kusali rakaa mbili. Adhuhuri na Alasiri zisaliwe kamili na kwa wakati wake, na misikiti ya Bagamoyo si haba.

KAOLE

Hatukuanza kanisani. Tulianza Kaole, kiasi cha kilomita 5 kusini ya mji, na twamshauri kila mzazi afanye hivyo. Hapa pana magofu ya mji wa Waislamu uliostawi baina ya karne ya 13 na ya 16. Imebaki misikiti miwili, na makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, mengine yamesimamishiwa nguzo ndefu kama ilivyokuwa desturi ya watu wa pwani yetu. Katika nguzo hizo wenyewe walikuwa wakipachika bakuli za kaure zilizotoka Uchina. Mwaka 1958 mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, aliyachunguza magofu haya, na msikiti wake wa kale zaidi huhesabiwa miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa katika bara ya Afrika ya Mashariki.

Bahari iliyokuwa ikileta majahazi mpaka karibu na milango ya watu sasa imejitenga, na mikoko imeota mahali pa bandari. Vijana wetu walisimama mbele ya mihrabu iliyobaki bila paa. Tukawaambia waelekee ilikoelekea. Mmoja akasema kwa mshangao, "Kumbe ni kule kule tunakoelekea sisi." Naam, ni kule kule. Watu waliosujudu hapa hatuyajui majina yao, lakini kibla chao twakijua.

Tuliwataka vijana walitie jambo hili moyoni kabla hatujaondoka: Uislamu katika pwani hii haukuja na misafara ya watumwa ya karne ya 19. Ulikuwapo miaka mia sita kabla yake. Ulikuja kwa wafanyi biashara na kwa wanavyuoni, ukapokewa na wenyeji, nao wenyewe wakajenga misikiti yao. Mwenye kulijua hili ataweza kuyasikia yatakayokuja baadaye bila ya kutetemeka.

MJI NA UFUKO WAKE

Kutoka Kaole tuliingia mjini. Milango ya kuchonga bado ipo, ingawa nyumba nyingi zimechoka. Ufukweni wavuvi walikuwa wakishusha samaki, na wachuuzi wamewazunguka, huyu anapandisha bei na yule anashusha. Maji yakitoka, mchanga huenda mbali sana, na watoto waweza kukimbia mpaka wakachoka wenyewe.

Mji huu ulikuwa mlango wa bara. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Ujiji na Tabora ilimalizia safari hapa, na mizigo ikavushwa Unguja kwa majahazi. Mzigo mkubwa ulikuwa pembe za ndovu, na wengi wa walioichukua walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi waliofanya kazi kwa ujira. Watumwa nao walipita hapa, ingawa wengi zaidi wa waliopelekwa Unguja walitokea upande wa Kilwa.

Hata jina la mji lina tafsiri mbili. Wako wasemao kwamba ni neno la mpagazi: amefika pwani baada ya miezi ya kutembea, amekwisha kutua mzigo, sasa na aubwage moyo wake, apumzike. Na wako wasemao kwamba ni neno la mtumwa: amefika mwisho wa nchi aijuayo, mbele yake ni bahari, basi auache moyo wake hapa, kwani harudi tena. Hatuna haja ya kuichagua moja na kuitupa nyingine. Ufuko ule ule ulikuwa faraja kwa mmoja na msiba kwa mwenziwe.

Mwaka 1888 Wajerumani waliushika mji huu, wakaufanya makao makuu ya utawala wao mpaka mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam. Watu wa pwani hawakukubali. Abushiri bin Salim Al-Harthi aliwapiga vita, akashindwa, akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka 1889. Boma walilolijenga Wajerumani mwaka 1897 bado laonekana.

MISHENI

Baada ya Adhuhuri tulikwenda misheni, upande wa kaskazini ya mji. Njia ya kuingilia ina miembe mikubwa huku na huku, na kivuli chake ni rehema kwa mwenye kutoka juani. Tulimtaka idhini mwenye kulinda mahali, tukatoa ada ya kuingia, tukapokewa kwa heshima.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, aghalabu Wafaransa, walifika hapa mwaka 1868, miaka 20 kabla ya Wajerumani. Na ardhi waliyojenga juu yake waliipata kwa Waislamu, kwani nchi ilikuwa chini ya Sayyid Majid, Sultani wa Unguja, na wenye mji walikuwa Waislamu. Jambo hili vijana wengi hawalijui, nasi twapenda walijue. Waliotoa ardhi hawakuwa wamebadili dini yao wala hawakuwa na shaka nayo. Waliona jirani anataka mahali pa kukaa na kumwabudu Mungu kama anavyojua, wakampa.

Kanisa la kwanza lilijengwa mwaka 1872, na mnara wake umesimama mpaka leo. Mwezi wa Februari mwaka 1874 maiti ya Daktari Livingstone ililazwa humo usiku mmoja kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa Uingereza. Aliyekufa alikuwa Mzungu, lakini waliomchukua kwa miguu kutoka katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwendo wa miezi, walikuwa Waafrika, na mbele yao Chuma na Susi. Jina la Susi wakati huo lilikuwa Abdallah. Wasimulizi wengi humtaja aliyechukuliwa na kuwasahau wachukuzi. Sisi tuwafundishe watoto kuwakumbuka wote.

Kanisa la pili, ambalo ni kubwa zaidi, lilijengwa kati ya mwaka 1910 na 1914, katika zama za Wajerumani. Karibu yake pana makaburi ya mapadre na masista, na wengi wao walikufa vijana kwa homa za pwani. Pana pia mbuyu mkubwa wenye kipande cha mnyororo kilichomezwa na shina lake. Wageni wengi wakiuona hudhani ni mnyororo wa watumwa. Wenyeji wa misheni wenyewe husema sivyo: ulikuwa wa kumfungia punda wa mama mmoja wa Kifaransa aliyekuwa akihudumia wagonjwa. Tulipendezwa na uaminifu huo, kwani ingalikuwa rahisi kuwaacha wageni na dhana yao.

Lakini minyororo ya kweli imo ndani, katika nyumba ya makumbusho. Imo minyororo ya shingo na pingu za miguu. Mapadre walikuwa wakiwanunua watumwa, hasa watoto, na kuwakomboa, wakawaweka katika kijiji kilichoitwa kijiji cha uhuru. Humo walisomeshwa, wakafundishwa ufundi na kilimo, na wakabatizwa. Maisha yao hayakuwa mepesi; amri zilikuwa kali, na wako waliotoroka. Hata hivyo, katika vita vya mwaka 1888 na 1889, watu wengi wa Bagamoyo walipokosa pa kukimbilia walijihifadhi katika ardhi hiyo ya misheni.

Hapo, mbele ya pingu, kijana wetu mmoja wa miaka 13 alinyamaza kitambo, kisha akauliza kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kusikiwa na wageni wengine: "Basi ni kweli? Sisi ndio tuliokuwa tukiwauza, na wao ndio waliokuwa wakiwakomboa?"

Hili ndilo swali alilolichelea yule mzee. Na sisi, tuseme kweli, lilitushika pabaya.

JAWABU

Iko njia nyepesi ya kulijibu, nayo ni kukataa. Mtu aweza kusema kwamba yote ni uzushi wa Wazungu, akamvuta mtoto mkono wakatoka. Wako wafanyao hivyo. Lakini mtoto ana macho, na pingu alikwisha kuziona. Kesho atasoma kitabu, kesho kutwa atatazama katika simu yake, na siku atakapojua kwamba wazee wake walimdanganya katika hili, atajiuliza ni mangapi mengine waliyomdanganya. Imani haijengwi juu ya uwongo, hata uwongo uliosemwa kwa mapenzi.

Na zaidi ya hayo, Mwenyezi Mungu amekwisha kutuamrisha. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, ametutaka tusimame katika uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili yake, ijapokuwa ushahidi huo ni juu ya nafsi zetu, au juu ya wazazi na jamaa zetu. Aya hii haikusema tuwe waadilifu tunapowashuhudia wengine tu. Basi babu zetu wakiwa na kosa, sisi ndio wa kwanza wa kulitaja.

Tulimketisha kijana chini ya mwembe, wenziwe wakamzunguka, tukamjibu hivi.

Kwanza, ni kweli. Wafanyi biashara Waislamu, Waarabu na Waswahili, waliwanunua watu na kuwauza, wakawafanyisha kazi katika mashamba ya karafuu na minazi. Kufanya hivyo kwa watu walioshikwa kwa hila na kwa mashambulio ya usiku kulikuwa ni dhulma, na jina la Kiislamu la mwenye kufanya halikuigeuza dhulma ikawa haki.

Pili, ni kweli pia kwamba dhulma ile haikuwa ya dini moja wala ya kabila moja. Wareno waliuza watu katika pwani hii kutoka Msumbiji. Wafaransa katika karne ya 18 waliwanunua Kilwa kwa ajili ya mashamba yao ya visiwa vya Réunion na Mauritius. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watu kila mwaka. Ufaransa haikuuondoa kabisa utumwa katika makoloni yake ila mwaka 1848, miaka 20 tu kabla ya mapadre wake kujenga Bagamoyo. Matajiri wa Kihindi walikopesha mali, na wakubwa wa bara waliwauza majirani zao na wakati mwingine watu wao wenyewe. Hatusemi haya ili kosa la mwenzetu lifute letu. Kosa la jirani halilipi deni lako. Twasema ili kijana aijue habari nzima.

Tatu, dini yenyewe imesema nini? Katika Sura ya Al-Balad, Mwenyezi Mungu amefananisha wema na njia ngumu ya mlimani, na jambo la kwanza alilolitaja katika kuipanda njia hiyo ni kuacha huru shingo ya mtumwa. Kafara za makosa mengi zimefanywa kuwa ni kuacha huru. Sehemu ya Zaka imewekwa kwa ajili hiyo. Bilal, aliyekuwa mtumwa akiteswa katika mchanga wa Makka, ndiye aliyepewa na Mtume (s.a.w.) heshima ya kuadhini. Mlango ulifunguliwa wa kutokea katika utumwa. Walioufanya kuwa mlango wa kuingilia ni watu, nao watajibu mbele ya Mola wao. Qur'ani imetufundisha pia kwamba umati uliopita una uliyoyachuma, nasi tuna tutakayoyachuma. Wewe kijana hutaulizwa walifanya nini matajiri wa Bagamoyo mwaka 1870. Utaulizwa wewe ulifanya nini.

Kijana akatikisa kichwa, lakini twaliona uso wake bado haujatulia. Tukamwambia, "Inuka. Bado hatujamaliza safari."

SHEIKH RAMIYA

Tulirudi mjini tukasali Alasiri. Kisha tukamsimulia habari za mtu ambaye, kwa maoni yetu, kila kijana wa Kiislamu aendaye Bagamoyo ni lazima amjue.

Katika karne ya 19 mtoto mmoja alichukuliwa katika nchi ya Manyema, mashariki ya Kongo, akaletwa pwani akiwa mtumwa. Alinunuliwa na mmoja wa wakubwa wa mji, Amir bin Suleiman Al-Lamki. Alipopata uhuru wake akafanya biashara ndogo ndogo, akapata mali na mashamba ya minazi. Alisoma elimu ya dini kwa masheikh wa Bagamoyo mpaka akawa yeye mwenyewe mwanachuoni. Huyo ndiye Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana na watu kwa jina la Sheikh Ramiya.

Akawa kiongozi wa Tarika ya Kadiria katika Bagamoyo, na sifa zake zikaenea bara na pwani. Watu huru na waliokuwa watumwa, Waarabu, Waswahili na watu wa bara, walikuja kusoma kwake. Katika zama za Waingereza akafanywa Liwali wa mji ule ule alioingia akiwa bidhaa. Alikufa mwaka 1931 akazikwa papo hapo, na maulidi yaliyosomwa kwake yalikusanya watu kwa maelfu. Mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, alikuwa miongoni mwa masheikh walioiunga mkono TANU katika kupigania uhuru wa nchi.

Fikirini, wasomaji. Katika mji mmoja, katika zama zinazokaribiana, mtoto mmoja wa Kimanyema alikombolewa na mapadre akaupata utu wake kanisani. Na mtoto mwingine wa Kimanyema aliuzwa kwa Mwislamu, akaupata utu wake msikitini, akawa imamu wa watoto wa wale waliomnunua. Huyu wa pili angaliweza kusema, "Dini ya aliyenifunga siitaki." Hakusema hivyo. Aliipambanua dini na waliomdhulumu. Aliiona Qur'ani kuwa ni yake kama ilivyo ya mwingine yeyote, akaisoma mpaka wao wakaja kuketi chini yake wamsikilize.

Kijana wetu aliuliza, "Na wale waliomnunua, walikubali kusali nyuma yake?" Tukamwambia wako waliokubali. Akacheka. Ndipo tulipojua kwamba swali lake limepata jawabu.

ADABU ZA KUINGIA PALIPO NA WENGINE

Tumeulizwa pia kama yafaa Mwislamu kuingia kanisani kutazama. Wanavyuoni wamehitilafiana. Wengine wameruhusu, wengine wamechukia, hasa penye sanamu, na wengine wameshurutisha idhini ya wenyewe. Imepokewa kwamba Ibn Abbas alikuwa akisali katika kanisa lisilokuwa na sanamu. Basi mwenye kuona uzito asiingie ndani. Uwanja, mnara, miembe na nyumba ya makumbusho vyatosha kumfundisha. Na mwenye kuingia, aingie kwa idhini, kwa utulivu, wala si wakati wa ibada yao.

Lililo wazi bila ya hitilafu ni heshima. Katika Sura ya Al-Hajj, aya ya 40, Mwenyezi Mungu ametaja nyumba za watawa, makanisa na masinagogi pamoja na misikiti, kwamba lau si yeye kuwakinga watu wao kwa wao zingalivunjwa. Waandishi wa Sira wameeleza jinsi Mtume (s.a.w.) alivyowapokea Wakristo wa Najran katika msikiti wake Madina. Na tarehe yatusimulia kwamba Sayyidna Umar alipofika Baitul Maqdis alikataa kusali ndani ya kanisa kubwa, akichelea Waislamu wa baadaye wasije wakalinyang'anya kwa hoja kwamba Umar alisali humo. Hiyo ndiyo adabu tuliyorithi. Mtoto asicheke mbele ya msalaba wa watu, asipande juu ya makaburi yao, asiandike jina lake ukutani. Na afanye vivyo hivyo Kaole, kwani tumeona kwa masikitiko majina ya vijana yamekwaruzwa juu ya mawe ya kale katika pwani yetu, na mengi ya majina hayo ni ya Kiislamu.

Na katika ufuko: stara ni stara, hata palipo na maji. Familia itafute mahali pa faragha, nguo za kuogea ziwe za kusitiri, na wazee wasiwaache watoto wadogo peke yao maji yanapojaa. Takataka zirudi nyumbani katika kapu lile lile lililoleta chakula.

NENO LA MWISHO

Tumebakiwa na neno moja, nalo si la watoto bali ni letu sisi wazee.

Utumwa uliondolewa kisheria Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922. Karne nzima imepita na zaidi. Lakini katika baadhi ya majumba yetu bado yasikika maneno. Mtu akikasirika humwita mwenziwe mtumwa. Kijana mwema, mwenye dini na kazi yake, akija kuposa, huulizwa kwa kunong'onezana babu yake aliletwa kutoka wapi. Posa hukataliwa kwa sababu isiyotajwa mbele za watu, kwa kuwa anayeitaja ataona haya.

Sahaba Abu Dharri alipomtukana mtu kwa mama yake, Mtume (s.a.w.) alimwambia kwamba bado ana ujahili ndani yake. Huyo alikuwa sahaba mkubwa. Sisi tu nani? Tutawezaje kumpeleka mtoto Bagamoyo, tukamwonyesha pingu, tukamwambia Uislamu hauna hatia nazo, kisha jioni tukirudi nyumbani akatusikia tukimkataa mchumba wa dada yake kwa ajili ya pingu zile zile? Atajua ni lipi kati ya mafunzo yetu mawili tunaloliamini.

Basi nendeni Bagamoyo. Anzieni Kaole mtoto ajue asili yake ni ya kale, piteni misheni aijue kweli, na mmalizie kwa habari za Sheikh Ramiya ajue kweli haimalizikii katika pingu. Kisha mrudi nyumbani, na kila mzazi aitazame nyumba yake mwenyewe.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Ramiya, awarehemu wote waliopita katika ufuko ule wakiwa wamefungwa na majina yao hayakuandikwa popote, na atujaalie sisi kuwa miongoni mwa wanaosimama katika uadilifu, hata juu ya nafsi zetu. Amin.